Supu Yangu na Kofia ya Membe

Mke wangu Saima huua mtu kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Anamuua kwenye karatasi tu, lakini ukimkuta mezani na lile jicho lake la kazi, utarudi kinyumenyume ukafunge mlango taratibu. Mimi nimezoea. Nilimuoa akiwa anapamba keki kwenye duka la mikate la mjini, msichana mpole wa Kifini mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Hadi leo watu wananisimamisha posta wananiuliza, "Arvo, yule mama mtaratibu namna ile, wazo la kumnyonga mchungaji kalitoa wapi?" Nawaambia waende wakamuulize mwenyewe, mimi kazi yangu ni kupika.

Kuandika alianza baada ya kustaafu. Alijitolea kupanga magazeti ya kale kwenye chumba cha chini cha maktaba, akakutana na jambo ambalo kila mzee wa huku kwetu analijua na hakuna aliyejisumbua kulifikiria. Zamani, ardhi ikiganda, watu waliokufa majira ya baridi hawakuzikwa. Waliwekwa kwenye kijumba cha mawe pale makaburini, jeneza juu ya jeneza, mpaka theluji iyeyuke na koleo liingie ardhini. Mimi ningelisoma hilo nikageuza ukurasa. Saima alirudi nyumbani akasimama mlangoni na buti zake, theluji inamdondoka kwenye zulia.

"Hebu niambie," akasema. "Wakifungua mlango theluji ikiisha, wakakuta jeneza moja limezidi?"

"Watakuwa walihesabu vibaya."

"Ndiyo maana wewe ulipewa greda la theluji uendeshe," akaniambia, akaenda kutafuta kalamu.

Jeneza lililozidi likawa kitabu chake cha kwanza. Kinauzwa maktaba na pale kituo cha mafuta, rafu moja na minyoo ya kuvulia samaki, na wavuvi wanakinunua kweli. Baada ya hapo hakushikika. Kila akipata kioja cha zamani, anakilaza kichwani usiku, asubuhi ana maiti.

Sasa, Saima ana tabia moja. Haandiki jambo ambalo mwili wake haujalionja. Kwa ajili ya kitabu cha majeneza alikwenda kwa fundi seremala, akalala ndani ya sanduku la msonobari, akataka afunikwe. Mimi nilisimama pembeni nimeshika kofia yangu kifuani kama mgane wa majaribio. Kwa ajili ya kitabu cha wakata barafu alinipeleka ziwani na msumeno wa babu yake, tukakata barafu mpaka ndevu zangu zikawa ngumu. Nilimuuliza kama ana mpango wa kuandika habari za watu waliokufa kwa moto, ili nijiandae. Hakunijibu, na kwa Saima kutojibu ni kwamba analifikiria.

Kitabu ambacho nusura kituue ni hiki cha kofia.

Alisoma mahali kwamba mabibi wa enzi za kina nyanya yake walivaa ndege vichwani. Simaanishi manyoya. Ndege mzima, na mdomo wake na miguu yake na macho ya vioo, amekaa juu ya kofia, bibi anaingia naye kanisani. Nilipoambiwa nilidhani ananitania. Akanionyesha picha, nikaamini kwa shida, maana yule mama wa kwenye picha alikuwa na sura ya mtu mwenye akili timamu kabisa. Basi Saima akamuumba fundi kofia, mwanamke mwenye maadui wengi, akamuua ndani ya duka lake mlango umefungwa kwa ndani. Alijua nani anamchukia na kwa nini. Asichokijua ni jinsi alivyokufa. Miezi ikapita, fundi yuko sakafuni, mwandishi hajui kilichomuua, na mimi ndiye ninayeishi na hasira zake.

"Vaa viatu vyake basi," nikamwambia siku moja, nimechoka.

"Viatu vya nini. Kofia."

Akaipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, nyumba kubwa ya kilimani. Kofia ya mabua, na juu yake membe mweupe, yule ndege wa majini, amekunjua mabawa kana kwamba anataka kuruka akakumbuka kitu. Saima si mjinga. Alishasoma kwamba kofia za zamani za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa yakawa kitambaa zilitengenezwa kwa zebaki, na mafundi wake wakirukwa na akili, kwa hiyo alimhoji muuzaji kama wakili. Manyoya yaliyoshindiliwa hamna? Hamna, mama, ni mabua matupu. Akaridhika. Kuanzia hapo, kila asubuhi alijifungia kwenye kile chumba chake kidogo chenye jiko la kuni, akampiga membe brashi kumtoa vumbi, akampulizia puu puu kwenye mabawa, akamvaa, akaanza kuandika. Nilikuwa nikiingia na kahawa na mkate wetu wa iliki nakuta macho manne yananitazama.

Vuli ile akaanza kuumwa.

Mwanzoni tumbo. Tukasema ni samaki. Kisha tumbo likakataa kutulia, anatapika chakula cha mchana, anatapika cha jioni. Nikaona supu ndiyo itamfaa, nyama ya kulungu na viazi na rutabaga, ile aliyokuwa akinipikia mama yangu nikiumwa. Nikampikia kila siku, nikampelekea kwa sinia, nikasimama mpaka anywe. Akazidi. Tukiwa kwenye sauna Jumamosi, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, akaniambia hahisi nyayo za miguu yake, ni kama amevaa soksi nene. Nikamshika miguu nikaisugua, na nilipomshika kichwa nimmwagie maji, nywele zikabaki mkononi mwangu. Niliogopa vibaya sana. Nilijisemea moyoni, huyu anakwenda, na mimi nitabaki na nyumba na kuni.

Daktari Ostrander, kijana wa pale zahanati, alisema huenda ni neva, huenda ni sukari, huenda ni uzee. Nikamwambia uzee ninao mimi pia na nywele zangu ziko palepale. Akaandika dawa nyingine.

Hapa ndipo inabidi nimlete Bernadine. Bernadine Truax alifundisha sayansi sekondari, sasa anaandika vitabu vya watawa wanaouana, na ndiye kiongozi wa kikundi chao cha Jumanne. Ni wanawake wanne wanaokutana maktaba wakiwa na keki, wanazungumza juu ya sumu na visu kwa sauti ambayo mgeni akiisikia ataita polisi. Bernadine aliniambia, "Shemeji, niachie Saima wiki mbili akapumzike kwangu. Na wewe umechoka." Nilimshukuru. Wallahi nilimshukuru, nikambebea begi mpaka kwenye gari.

Huko kwa Bernadine, Saima akapona. Akala, chakula kikakaa. Akarudi nyumbani mashavu yamejaa, akavaa ndege wake, akanywa supu yangu, na ndani ya siku chache yuko sakafuni bafuni.

Mimi niliona mkosi. Wale wa Jumanne waliona sura ya nne ya hadithi ya mauaji.

Nilikuja kujua hivi. Nilikuwa nimetoka kuchukua kuni, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikamkuta Bernadine jikoni kwangu ameinamia sufuria, ana upawa mkono mmoja na chupa ya jamu mkono mwingine, anachota supu. Nikafurahi, nikadhani ameipenda.

"Chukua nyingi, kuna mkate pia," nikamwambia.

Alinitazama uso umekauka. "Hii inatosha, shemeji," akasema, akafunga kifuniko, akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata Daktari Ostrander akanipigia simu niende peke yangu. Nikamkuta na askari wa kaunti, Lyle, kijana niliyemtoa mtaroni kwa greda langu sijui mara ngapi. Lyle hakunitazama machoni. Daktari akasema wamepima mkojo wa Saima, kwa ombi la Saima mwenyewe, na wamekuta sumu ya aseniki.

Mimi kwanza nilielewa vingine. Nikasema, "Amejilisha. Anataka kujua ladha yake kwa ajili ya kitabu."

"Mzee Arvo," Lyle akasema taratibu, "nani anampikia?"

Nilishika kiti. Naona midomo ya Lyle inacheza, ananiuliza habari za sumu ya panya, na mimi ninachosikia ni lile swali moja tu. Nani anampikia. Maisha yangu yote sijawahi kumwinulia mwanamke yule hata sauti, isipokuwa wakati wa kufundishana kurudisha trela nyuma, na pale kila mtu hupiga kelele. Nikamuuliza daktari, "Saima anajua mnaniuliza hivi?" Daktari akatazama kalamu yake. Anajua, akasema. Na akaongeza, labda kwa kunihurumia, kwamba supu yangu hakuinywa wiki nzima hii. Alikuwa akiimwaga kwenye sinki la bafuni.

Hilo ndilo lililonipiga. Aseniki ningeweza kuibeba. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, namuuliza, "Imekolea chumvi?" naye ananiambia, "Imekolea, mzee wangu," na supu imo bombani.

Wakamhamishia kwa Bernadine. Lyle alipekua banda langu, akachukua sumu ya panya, akachukua na rangi ya mashua ambayo haina kosa lolote. Mjini habari zilifika kabla yangu. Pale dukani nilichukua nyama, na mama wa kaunta akaitazama ile nyama, akanitazama mimi. Nililia kwenye gari kama mtoto, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Saima hakupiga simu. Ulikuja ujumbe kupitia Lyle: anaomba mswada wake, kamusi, na kofia. Nikavifungasha kwenye boksi. Nilimfunga yule membe kwa shali ili mabawa yasivunjike, nikiwaza kwamba mtu ananidhania muuaji na mimi namlindia ndege wake.

Lyle akapeleka boksi. Siku ya nne simu ikalia, na alikuwa Bernadine, sauti imemkauka.

"Shemeji, Saima anatapika."

"Kwako?"

"Kwangu."

"Anakula mapishi ya nani?"

Nasikia anavyopumua.

"Yangu," akasema.

Mungu anisamehe, mke wangu alikuwa hoi na mimi nilisikia raha mpaka kwenye visigino. Niliendesha gari kwenda huko kwa kasi ambayo Lyle angemkamata mtu mwingine nayo. Lyle alikuwa amefika. Bernadine amekaa kwenye kiti cha jikoni kwake, mikono mapajani, na Lyle anamuuliza kwa upole uleule alioniuliza mimi, nani anampikia. Kulikuwa na sufuria ya uji jikoni. Nikachukua chupa tupu ya jamu pale dirishani, nikampa Lyle achotee uji. Bernadine akasema, "Arvo, hilo nimelistahili," nami nikamwambia bado.

Daktari Ostrander alitoka chumbani kwa Saima amekunja uso. Safari hii alifanya alichopaswa kufanya mwanzo, akakaa nasi mezani akauliza swali la maana. Huyu mama alikuwa mzima hapa. Kilichoingia ndani ya nyumba hii wiki hii ni nini?

"Boksi," nikasema. "Karatasi, kamusi, kofia."

"Kofia gani?"

Bernadine ndiye aliyeelewa kabla yetu. Nilimwona anavyobadilika rangi. Aliinuka, akaenda mpaka mlango wa chumba, na sote tukamfuata. Saima amelala kitandani, mweupe kama shuka lake, na kwenye ubao wa kitanda, upande wa miguuni, ametundikwa membe, brashi iko pembeni, na chini yake juu ya shuka pameanguka vumbi jembamba.

"Kukausha ndege," Bernadine akasema, "walikuwa wakipaka nini ngozi kwa ndani, ili wadudu wasimle?" Alijiuliza na kujijibu mwenyewe. "Sabuni ya aseniki. Nimefundisha watoto hilo. Nimelifundisha, Mungu wangu, na nimemtengea meza aandikie."

Mimi akilini nilimwona Saima akimpuliza yule ndege asubuhi zote zile, uso wake umezama kwenye mabawa, kisha anachukua mkate wangu kwa vidole vilevile. Miezi yote ile nilikuwa namsafishia meza, namletea kuni chumba kipate joto, nafunga madirisha, na vumbi halina pa kutokea.

Kutoka kitandani sauti ya Saima ikaja, nyembamba lakini yake kabisa.

"Duka limefungwa kwa ndani," alisema. "Hakuna aliyeingia. Ni kofia. Kofia zake ndizo zimemuua." Halafu akasema, "Nani ana kalamu?"

Naapa hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Lyle aliondoka na membe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ameunyoosha mkono mbali na mwili wake. Maabara ikathibitisha. Supu yangu ilikuwa imepimwa zamani ikaonekana ni supu, ila hakuna aliyeona haja ya kunijulisha.

Alilazwa hospitali, wakamsafisha damu, akaletwa nyumbani theluji imeshafika madirishani. Nywele zinaota, fupi, kama kifaranga. Bernadine alikuja na keki, akaniomba radhi mbele ya Saima, nikala keki yake ili yaishe. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu moja, na nilikaa nalo kooni mpaka tukawa wawili tu, jioni, mezani jikoni, bakuli lake mbele yake.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye," nikasema. "Uliamini ni mimi?"

Aliinua macho. "Sikuamini hata dakika moja."

Jamani, nilijisikia mwepesi. Miaka yote ya ndoa yetu, watoto tuliolea, baridi tulizovuka, nikaona ndizo zinazosema. Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye busara angenyamaza hapo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mume ndiye wa kwanza kushukiwa," Saima akasema. "Wa kwanza kushukiwa hawi muuaji. Msomaji angeshagundua sura ya pili, kitabu kingekufa."

Nilimtazama nione kama anacheka. Alikuwa ananieleza kazi yake, kwa uso ule aliokuwa akiwaelezea wateja tofauti ya siagi na sukari ya kupambia.

"Kwa hiyo ndicho kilichoniokoa," nikasema.

"Kilisaidia sana."

"Na supu uliimwaga."

"Mwandishi anaweza kukosea, Arvo."

Nikaegemea kiti. Nje theluji iliporomoka kutoka paani ikaanguka kwa kishindo, na hakuna kati yetu aliyegeuka.

"Na kama ningekuwa mtu wa tatu kushukiwa?" nikamuuliza.

Alishusha kijiko. Akalifikiria swali langu, akalifikiria kwa haki, anavyofikiria kila kitu, na mimi nikaona jinsi alivyoniweka mahali pale na kunitazama.

"Wa tatu," akasema, "ningekuwa na wasiwasi naye."

Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu nilitaka uwe mzaha. Yeye hakucheka. Alimega mkate, akauchovya kwenye supu, akaendelea kula.